Aliyeinua Mkono Raundi ya Sita

“Kabla hujamcheka mume wangu, Mayala, muulize mkeo alikuja nyumbani kwetu kutafuta nini!”

Kwa maneno hayo ya Apolinaria tuliagana Jumamosi iliyopita, na najua wapo wasomaji walioyatafuna wiki nzima bila kuyameza. Haya, tuendelee nayo.

Yalitamkwa Ijumaa alasiri, kilabuni, mbele za watu. Mayala, kijana mpakia makaa wa reli pale Tabora, alikuwa amesimama juu ya benchi akiwachekesha wenzake. Alikuwa akiigiza jinsi Kasimiri alivyoinua mkono.

Nani asiyemjua Kasimiri? Bingwa wa ngumi wa Unyamwezi nzima, askari wa zamani wa Keya, jeshi la Mwingereza, aliyerudi kutoka Burma na mabega kama milango. Na nani asiyejua alichokifanya majuma mawili yaliyopita? Raundi ya sita, mbele ya umati, Kasimiri aliinua mkono, akasema “Basi,” akateremka ulingoni. Hakuangushwa. Hakutoka hata tone la damu. Ubingwa akamwachia Mayala.

Tangu siku hiyo Tabora ilimtemea mate. Wengine walisema kahongwa. Wengine walisema karogwa. Wenzake wa Keya walisema mwoga, na hilo ndilo lililouma kuliko yote.

Basi Apolinaria, mkewe Kasimiri, aliyekuja mjini kuuza karanga, alipita hapo na kikapu chake, akasikia kicheko, akaingia, akayasema yake, akatoka.

Macho yote kwa Mayala.

Mayala akashuka benchini taratibu.

“Wapi tena, bingwa?” akauliza Raymundi. Huyu ndiye katibu wa Klabu ya Radi, mtu wa miwani na tai hata siku za joto, aliyemfundisha Mayala ngumi na kukaa kwenye kona yake siku ya pambano. “Maneno ya mwanamke aliyefedheheka hayo. Kaa unywe.”

“Nakwenda nyumbani.”

“Jumapili unapambana na Kornel wa Dodoma. Nimemwahidi Bwana Shauri wa wilaya, nimewaahidi wageni wake. Usijitie mambo ya wanawake kichwani!”

Kutoka kilabuni hadi Ipuli, mtaa alikokaa, Mayala alikwenda kwa hatua za mtu anayetafuta wa kumpiga.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la nje.

“Getruda yuko kwangu, anacheza,” akasema jirani yake, Marcelina, kutoka upande wa pili wa ua. “Mama yake amesafiri mchana. Hakukuaga?”

“Amekwenda wapi?”

“Igalula. Alisema atalala kwa shangazi yake.”

Miaka minne Mayala alikuwa amemwoa Paskazia. Aliwajua shangazi zake wote, mmoja mmoja. Igalula hakuwako hata mmoja.

Igalula alikuwako Kasimiri.

*

Jumamosi asubuhi gari la mizigo la kwanza kwenda mashariki lilimchukua. Gadi wa treni hiyo alikuwa rafiki yake. Akamfungulia behewa tupu, akamtazama usoni, akaona ni heri asiulize kitu.

Ndani ya behewa lile Mayala alipanga mambo yake. Angemshika mkewe mbele ya mwanamume yule. Angewauliza wote wawili swali moja. Halafu Tabora ingepata habari ya kusimulia mwaka mzima.

Lakini lilikuwako jambo jingine, na hilo hakuwahi kumwambia mtu.

Pambano lile hakulikumbuka.

Raundi ya kwanza aliikumbuka, ya pili na ya tatu pia. Kengele ya nne aliisikia. Baada ya hapo, kiza. Kilichofuata ni yeye kujikuta juu ya mabega ya watu, wanaimba jina lake. Lile konde la kulia alilolisifia kila kilabu, konde lililomfanya Kasimiri aseme basi, alisimuliwa na wengine. Alilisimulia mara nyingi hata akaanza kuamini kwamba mkono wake unalikumbuka.

Kwa nini mtu kama Kasimiri ajitoe mbele ya mtu asiyejua hata alikuwa wapi? Swali hilo alilikimbia majuma mawili. Sasa lilikuwa limepanda naye behewa moja.

*

Nyumba ya Kasimiri ilikuwa nyuma ya stesheni, kando ya njia ile ya zamani ya misafara ambayo leo hupitwa na mbuzi na baiskeli.

Paskazia alikuwa pale. Alikaa mkekani, anapukuchua mahindi. Na aliyekuwa akipukuchua pamoja naye, goti kwa goti, alikuwa Apolinaria mwenyewe!

Mayala alisimama kama aliyemwagiwa maji. Kwa hilo hakuwa amejiandaa.

Kasimiri alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, ananoa jembe. Alikuwa amempita Mayala kwa miaka kumi na mitano na zaidi, lakini siku hiyo Mayala hakumpa shikamoo.

“Mama Getruda. Shangazi yako wa hapa ni yupi?”

Paskazia aliweka gunzi chini. “Sina shangazi Igalula. Nilidanganya. Ningekwambia kweli ungenizuia.”

“Na hii si safari ya kwanza.”

“Si ya kwanza. Nilikuja wiki moja kabla ya pambano, na jana nikarudi kwa hofu ya Kornel.”

Mayala akamgeukia Kasimiri. “Simama!”

“Sisimami,” akasema Kasimiri bila kuacha kunoa. “Nikisimama utanipiga, na mimi kupigana na wewe nimekwisha.”

“Mwoga!”

“Hilo nimeshalisikia hadi stesheni. Kaa, mkeo akueleze. Mimi maneno yangu yatakuja baadaye.”

“Baba Getruda,” akasema Paskazia, “unaikumbuka siku ile uliyorudi mazoezini ukatapika?”

“Ulikuwa muhogo.”

“Haukuwa muhogo. Uliniuliza kama Getruda amekula. Nikakujibu amekula. Ukaniuliza tena. Nikakujibu. Ukaniuliza tena, na mtoto amelala mapajani mwako! Niliogopa, Mayala. Nilikwenda kwa Raymundi. Nikamwambia mume wangu ameumia kichwa, pambano liahirishwe. Akaniambia ngumi si rede, nirudi jikoni.”

“Raymundi hakuniambia hilo.”

“Angekwambiaje? Ndipo nikapanda treni. Nikampigia magoti huyu mzee hapo hapo uliposimama. Nikamwomba asikupige kichwani.”

Masikio ya Mayala yaliwaka moto. Kumbe ndiyo hayo! Mayala alikuja Igalula akiogopa kumkuta mkewe na mwanamume. Sasa aliona afadhali lingekuwa hilo.

“Uliniombea huruma kwa adui yangu? Mimi? Kwa hiyo ubingwa wangu ni sadaka ya mke wangu?”

“Tulia,” akasema Kasimiri. Sasa aliliweka jembe chini. “Mkeo nilimfukuza.”

Wanawake wote wawili wakainamisha macho.

“Nilimfukuza kama kuku. Nilimwambia mwanamke hapangi mambo ya ulingo. Nikaja Tabora kukupiga, na raundi tatu nilikupiga sawasawa, kichwa na mbavu, kama ninavyompiga kila mtu. Sikukuhurumia hata kidogo. Usimtwike mkeo mzigo usio wake.”

“Basi kwa nini uliinua mkono?”

“Unakumbuka ulichoniambia raundi ya nne?”

Mayala alitazama jembe lililolala chini.

“Tulikumbatiana kwenye kamba. Kidevu chako kilikuwa begani kwangu. Unakumbuka?”

“Nakumbuka,” akasema Mayala. Alidanganya, na Paskazia alimwona akidanganya.

“Nilikuambia nini, basi?” akauliza hatimaye.

“Uliniita baba.”

Apolinaria aliacha kupukuchua.

“Ulizungumza kwa Kisukuma. Nakisikia, si mbali na Kinyamwezi chetu. Uliniita baba, ukanishika kama mtoto anavyomshika mzazi wake, ukaniuliza kitu. Nikakusukuma. Ukarudi kupigana. Mikono ilikuwa inapiga, miguu inacheza, lakini wewe mwenyewe hukuwapo. Nilimwambia mwamuzi, huyu hayupo. Akadhani nakutukana, akanionya. Nikatazama kwenye kona yako. Raymundi anapiga kelele, ‘Mmalize! Mmalize!’ Raundi ya tano ukaniuliza lile lile tena. Ya sita ukaniuliza tena.”

“Na konde langu la kulia?”

“Lilinipata hapa begani. Halikuniumiza.”

Mayala alicheka, lakini kilikuwa kicheko kibaya. Mambo yalianza kumfunukia. Mtu kajiaibisha mbele ya mji mzima, kapewa majuma mawili ya kutunga. Anatunga nini? Anatunga huruma! Kila anayejitoa ulingoni ana sababu yake nzuri. Mmoja mkono uliuma, mwingine tumbo, na huyu wa tatu alimwonea mwenzake huruma. Nani amwamini?

“Umeitunga vizuri,” akasema. “Mke wangu alikwambia kwamba nasahausahau, na wewe ukaliongezea chumvi. Wewe ulichoka. Uliona umri umekupita na kijana hakuanguka.”

“Nilichoka, kweli,” akasema Kasimiri. “Hilo nalo limo.”

“Na hayo ya baba ni uongo.”

“Ulikuwa ukiuliza kama Ng'washi amerudi.”

Mayala alirudi nyuma hatua moja.

“Baba, Ng'washi amerudi?” Kasimiri akarudia polepole. “Mara tatu uliniuliza. Mimi sijui Ng'washi ni nani. Lakini jinsi ulivyouliza, nilijua hakurudi.”

“Ng'washi ni nani?” akauliza Paskazia.

Hakuna aliyemjua Ng'washi Tabora nzima. Mayala hakuwahi kumtaja, hata kwa mkewe. Ng'washi alikuwa dada yake mdogo kule Igunga. Alitoka kufuata ndama aliyepotea masika moja, na mto ulikuwa umefurika. Mayala alisimama kwenye lango la zizi na kila baba yake aliporudi kutoka kumtafuta, alimuuliza swali hilo hilo. Baba yake hakumjibu hadi yeye mwenyewe alipozikwa.

Mayala akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, na Paskazia akanyanyuka kwenye mkeka akaja kukaa karibu yake. Hakumuuliza tena.

Mayala akasema, kwa sauti ya chini, “Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.”

“Kwa nini hukusema? Neno moja tu lingekuokoa. Wamekufukuza kwenye chama cha askari. Mkeo karanga hazinunuliwi. Mimi nimekuigiza kila kilabu.”

“Ningesema nini? Wewe mwenyewe, uliyeyafanya, hukuniamini. Wangeniamini wale wa kwenye viti?” Kasimiri alipangusa mikono. “Na sitaki unifanye mtakatifu. Wale wanaonilaumu wana haki ya kuuliza. Walikuja kuona pambano. Lakini wao walikuwa wamekaa, na mimi nilikuwa na kichwa cha mtu mbele ya ngumi yangu. Nilimwona mtu kule Burma, kambini, aliyepigwa akiwa hayupo. Alicheza hadi kengele ya mwisho, akapigiwa makofi. Asubuhi hatukuweza kumwamsha.”

Akanyoosha kidole kwenye ile njia ya mbuzi.

“Babu yangu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe ya ndovu kwenye njia hii, na hapa ndipo alipoitua. Wenzake walimzomea hadi walipopotea machoni. Aliingia porini akajenga. Mimi ni mjukuu wa aliyetua mzigo. Kichwa cha mtu sitakipiga tena, hata aje nani.”

“Basi leo hii nitawaambia Tabora nzima!” akasema Mayala. “Na Kornel sipigani naye.”

Ajabu ni kwamba Kasimiri hakufurahi. Alimtazama mkewe, na mkewe akamtazama yeye.

“Mwambie na lile jingine,” akasema Apolinaria, na machozi yalikuwa tayari yamemjaa.

“Nyamaza, mama.”

“Mwambie!”

“Treni yao inakuja,” akasema Kasimiri, akaingia ndani.

*

Treni ya abiria kutoka pwani iliwafikisha Tabora jua likiwa bado kali. Njia nzima Paskazia alimwuliza mumewe, “Ni lipi hilo jingine?” Na Mayala njia nzima alikuwa na jibu moja, “Sijui.”

Jukwaa la stesheni lilikuwa limefurika watu. Ngoma, matarumbeta, vijana juu ya mikokoteni. Mayala alidhani wamemjia yeye. La! Katika treni ile ile, mabehewa mawili mbele yao, alikuwamo Kornel wa Dodoma. Alishuka akiwa na shingo nene na uso mtulivu wa mtu aliyekula akashiba, na umati ukamzunguka.

“Na bingwa wetu huyu hapa!” akapaza sauti Raymundi, miwani inameremeta. Akamvuta Mayala, akampandisha kwenye mkokoteni. “Sema neno, bingwa! Mwambie mgeni wetu kesho baada ya misa atalala wapi!”

Umati ukacheka. Kijana mmoja akaigiza kuinua mkono kama Kasimiri, wakacheka zaidi.

“Sikilizeni,” akasema Mayala. “Mimi sikumshinda Kasimiri.”

Ngoma zikakoma.

“Tangu raundi ya nne sikuwa na akili zangu. Nilikuwa naita watu waliokufa. Kasimiri aliona. Mwamuzi hakuona, na kona yangu haikutaka kuona. Angeweza kuniua na mngemshangilia. Aliinua mkono ili mimi nirudi nyumbani. Kama kuna aibu, si yake. Na mimi kesho sipigani.”

Alishusha pumzi. Alitegemea nini? Labda watu wainamishe vichwa. Labda mzee mmoja wa Keya aseme, tulikosea.

“Anamwogopa Kornel!” sauti ikatoka nyuma.

“Ndiyo! Kamwona shingo yake!”

“Wamekubaliana hao! Wote wawili waongo!”

“Mwoga kamfundisha mwoga!”

Ganda la chungwa likampiga kifuani. Paskazia alipanda mkokoteni akasimama mbele yake, na ganda la pili likampata yeye. Kornel alitazama yote hayo bila kusema neno, halafu akaangalia chini kama mtu aliyeanza kuhesabu kitu moyoni.

Raymundi ndiye aliyewanyamazisha. Aliinua fimbo yake, na Mayala akashangaa kuona kwamba mtu huyu, ambaye pambano lake lilikuwa limevunjika mbele ya macho yake, alikuwa anatabasamu.

“Ndugu zangu, msihangaike! Mgeni wetu hatarudi na njaa. Kesho Kornel atapambana na mtu mnayetaka kumwona kuliko huyu. Atapambana na Kasimiri!”

Stesheni ililipuka.

Mayala aliruka chini, akamshika Raymundi tai. “Uongo! Nimetoka kwake sasa hivi!”

“Na mimi nilikuwa kwake juzi,” akasema Raymundi polepole, ili asikike na watu wawili tu. “Nilijua mkeo hatatulia, jina lako nikaliacha tu livute watu. Nilimwambia Kasimiri maneno mepesi sana. Upande wewe, au nampandisha Mayala. Na ukiinua mkono tena, dakika hiyo hiyo Mayala anavaa glavu kumalizia. Akakubali. Bila hata kuuliza swali.”

Paskazia alishika mdomo. Hilo ndilo lile jingine!

“Ameapa hapigi tena kichwa cha mtu,” akasema. “Atapiganaje na Kornel?”

“Hilo watu watalipa kuliona.”

“Lakini mimi nimekataa!” akasema Mayala. “Wote wamenisikia. Huna tena cha kumtishia Kasimiri!”

“Wote wamekusikia,” akakubali Raymundi. “Isipokuwa Kasimiri. Lori langu limemchukua Igalula mara tu treni yenu ilipoondoka. Mahali alipolazwa wewe hupajui, na hadi kengele ya kwanza haonani na mtu.”

“Nitamfuata ulingoni. Nitakaa kwenye kona yake, nimwambie masikioni.”

Raymundi alijinasua, akainyoosha tai yake ikarudi kukaa sawa.

“Kona ya Kasimiri ina mwenyewe, Mayala. Nakaa mimi. Na wewe unanijua tangu lini? Umewahi kuniona nikirusha taulo kukomesha pambano?”